Kadi Iliyochoka

Feni za ile kadi zilianza kuzunguka kabla kompyuta haijachomekwa kwenye umeme.

Bi Harusi alikuwa amepiga magoti chini ya meza, waya mkononi. Aliziona kwa macho yake. Zilizunguka polepole, kama mtu anayejigeuza kitandani, kisha zikasimama. Akajiambia ni upepo wa dirishani. Dirisha lilikuwa limefungwa, lakini mtu aliyechoka hana nguvu ya kubishana na dirisha. Akachomeka waya, akakaa kitini, akaanza kazi.

Jina la Bi Harusi alipewa na wateja kwa utani. Alikuwa mhariri wa video za harusi, mwanamke wa makamo ambaye ndoa yake mwenyewe ilishazoeleka kama kandambili za bafuni. Watu walifunga ndoa Jumamosi, Jumapili wakaanza kumpigia simu: "Dada, video yetu vipi?" Video haikuwa tayari, kwa sababu kadi yake ya picha, ile sehemu ya kompyuta inayobeba mzigo wote wa video, ilikuwa inakata roho. Mistari ya zambarau ilikatiza nyuso za maharusi. Kompyuta iliganda bwana harusi akiwa mdomo wazi na kipande cha keki kikiwa hewani, na ikakaa hivyo mpaka aizime na kuanza upya.

Kadi mpya hakuiweza. Ndipo fundi wa kompyuta alipomletea habari ya iliyokarabatiwa.

"Nimeifungua yote, dada," fundi alimwambia dukani. "Vumbi nimetoa, feni nimebadilisha. Hiyo ni kama mpya."

"Kama mpya, au mpya?"

"Na wewe! Ingekuwa mpya ungeigusa?"

"Ilitoka wapi? Isije ikawa ya wale wachimbaji wa sarafu za mtandaoni. Wale wanaziwasha mchana na usiku mpaka zinaungua."

Fundi alitazama pembeni. "Ilikuwa ofisini tu. Tufanye hivi: nenda nayo, ijaribu wiki nzima. Ukiipenda, unalipa. Usipoipenda, unairudisha, wala hatugombani."

Hilo lilimshangaza. Huyu alikuwa mtu asiyempa mteja hata skrubu kabla ya kulipwa. Leo alimfungia kadi haraka haraka, kama anayemkabidhi mwenzake mtoto anayelia.

Na kadi ilifanya kazi, tena ilifanya vizuri mno. Video ambayo zamani ilichukua siku nzima kukamilika, sasa iliisha wakati yeye anasuuza vyombo. Mistari ya zambarau ikatoweka. Siku ya pili alilala mchana, jambo ambalo hakulikumbuka tangu lini. Mumewe, aliyekuwa dobi katika hospitali, alimkuta kajilaza kwenye kochi, akamfunika khanga akacheka.

"Inunue hiyo kitu," mumewe alisema mkewe alipoamka. "Angalau nimepata mke."

Kisha akanusa hewa. "Umepiga pasi leo?"

"Niguse pasi mimi, na dobi yupo ndani?"

"Nasikia harufu ya pasi iliyosahauliwa juu ya nguo." Alizunguka sebuleni akinusa kama paka. Harufu ilimpeleka mpaka mezani. Aligusa boksi la kompyuta, akautoa mkono upesi. "Mbona ya moto hivi?"

"Nilikuwa naitumia."

"Lini?"

Bi Harusi aliinama kutazama swichi. Alikuwa ameizima asubuhi, kabla ya kulala.

Mtu wa tatu katika nyumba hiyo alikuwa mama mzazi wa mumewe, ambaye wote wawili walimwita Mama. Miguu yake ilikuwa dhaifu, ila ulimi wake ulikuwa mzima kabisa, na siku nzima alikaa kwenye kiti chake akitoa maoni kuhusu maharusi wa kwenye skrini. "Huyu hadumu naye. Mtazame anavyokula peke yake." Wiki hiyo maoni yalipungua. Mama alianza kuomba sweta. Halafu akaomba blanketi, saa ya jua kali, wakati watoto wa jirani wanamwagiana maji uani kwa joto.

"Mama, una homa?"

"Sina homa. Nina baridi."

Bi Harusi alimshika mkono. Ulikuwa baridi kama bomba la maji alfajiri. Alimletea chai, lakini kikombe kilipofika mdomoni kwa Mama, mvuke ulikuwa umeshakatika.

Siku iliyofuata alitoka jikoni akamkuta Mama amekivuta kiti chake mpaka kwenye meza ya kompyuta. Hakujua amekivutaje na miguu ile. Alikuwa amenyoosha viganja vyote viwili kuelekea kwenye boksi, kama mtu anayeota moto.

"Mama, unafanya nini?"

"Ameniambia nisogee," Mama alisema kwa sauti ndogo.

"Nani?"

"Huyo. Anasema amechoka, anataka pa kujilaza."

Nywele zilimsimama Bi Harusi. Lakini kulikuwa na harusi tatu za kumaliza, na akili ya mtu mwenye kazi ni hodari wa kutafuta sababu. Ni uzee, alijiambia. Ni mzunguko wa damu. Akamrudisha Mama kwenye nafasi yake, akarudi kwenye skrini, na kazi ikaenda kama maji.

Umeme ulikatika mchana wa siku ya tano. Skrini ikawa nyeusi, friji ikanyamaza, redio ya jirani ikafa katikati ya neno. Katika ukimya ule Bi Harusi alisikia feni bado zinazunguka.

Aliinama akachungulia ndani ya boksi. Feni zilikuwa zimesimama kabisa. Akaweka sikio kwenye boksi, halikuwa na sauti. Lakini mvumo ulikuwepo, ule ule wa kadi inapobeba mzigo mzito, na haukutoka mezani bali nyuma yake, upande wa kiti cha Mama, na alipogeuka alimwona Mama amekaa wima macho yamefumba, mablanketi yamemfika kidevuni, mdomo wazi kidogo, na akamsogelea akijivuta kwa kila hatua, akijiambia ni kukoroma tu, ni kifua tu, mpaka akapiga magoti na kuweka sikio lake juu ya mablanketi, na pale, chini ya sufu na mfupa, mahali ambapo moyo wa mkwewe ulipaswa kupiga, akasikia feni ikizunguka, kwa kasi, bila kupumua, na harufu ya nguo inayoungua ikimtoka Mama mdomoni ilhali midomo yenyewe ni baridi kama jiwe.

Alitoka nje bila viatu, akampigia mumewe simu.

"Njoo," alinong'ona. "Ni Mama, na si kifua. Usiniulize. Njoo tu."

Mumewe, ambaye harufu ile ilikuwa haijamtoka akilini, alikuja na mshonaji. Mwanamke huyo alishona sare za shule mtaani, na pia alitoa majini, ingawa hakuitangaza kazi hiyo. Aliingia na futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Alimtazama Mama, akaitazama kompyuta, akavuta kiti akaketi kwa kuguna, kama mtu aliyeamshwa usingizini.

"Kuna kitu kimeingia nyumba hii karibuni?"

Bi Harusi akamwonyesha kadi.

"Umekinunua?"

"Bado. Naijaribu."

"Hmm." Mshonaji aliushika mkono wa Mama, akasoma dua kwa sauti ya chini, muda mrefu. Kisha akauliza, kwa upole tu, "Wewe ni nani, na umefuata nini kwa bibi wa watu?"

Mama alijibu, lakini sauti haikuwa yake. Ilikuwa kavu, haina kupanda wala kushuka.

"Niliingia kwenye chumba chenye joto. Nilitaka kujinyoosha kidogo. Kilikuwa chumba cha mitambo, na mitambo ile haikuzimwa. Moto ukanishika. Nikapewa hesabu, nikapewa hesabu, nikapewa hesabu. Mtambo ulipochoka wakauuza. Wakafuta vumbi. Uchovu hawakuufuta. Kila anayenichukua ananiwasha."

Mumewe alijishika kichwa. "Tumeshaizima! Umeme wenyewe haupo! Mwache mama yangu!"

"Mmenizima leo," sauti ilisema. "Kesho mtaniwasha. Kwa huyu bibi hakuna hesabu. Nalala."

"Unamuua," mshonaji alisema.

"Sitaki kumuua. Nataka kulala."

Mshonaji akawavuta wawili hao mlangoni. "Sikilizeni. Huyu si mkorofi, ila wapole ndio wagumu kuwatoa, maana hawajui wanachokosea. Amefungwa kwenye kile kitu, na mwenye mali tu ndiye anayeweza kumfungua. Wewe si mwenye mali, dada. Mna njia mbili. Mrudishie fundi kadi yake, na huyu jini ataifuata, na nyumba yenu itakuwa safi. Au uinunue, halafu umwachie kwa kauli yako, na kadi isiwashwe tena."

"Arudishe!" mumewe alisema. "Sasa hivi. Kuna la kufikiria hapo?"

Bi Harusi hakubishana. Aliifungua kadi, akaitia kwenye mfuko, akaondoka. Njia nzima mfuko ulimchoma pajani kama una maandazi yaliyotoka kwenye mafuta. Aliwaza jambo moja tu: kuutua.

Dukani kulikuwa na mzee mmoja na binti yake. Binti alikuwa na karatasi kubwa za michoro ya majengo kwapani na macho mekundu ya mtu asiyelala. Fundi alipouona mfuko, uso ulimshuka, kisha akajilazimisha kutabasamu.

"Haikukufaa, dada? Basi bahati ya hawa. Walikuwa wanaitaka kadi kama hiyo hiyo kwa ajili ya masomo ya binti."

"Inafanya kazi vizuri?" binti alimuuliza Bi Harusi. Aliuliza kwa hamu, mkono umeshanyooshwa.

Bi Harusi alimtazama, akamtazama baba yake, mzee aliyevaa koti lililofifia mabegani, akavuta picha ya mzee huyo amejifunika mablanketi mchana wa jua. Alitamani aseme ndiyo, aende zake. Alikuwa amechoka mno asiweze kuwa mtu mwema. Mama alikuwa anamsubiri, na pesa aliyonayo ilikuwa ya kadi moja tu, akiinunua hii hatapata nyingine mwaka huu wala mwingine.

"Nainunua mimi," alisema.

Fundi alipokea malipo bila kumtazama. Mzee na binti walipotoka, Bi Harusi aliinama juu ya kaunta. "Ulijua."

"Mke wangu alikuwa anatetemeka," fundi alinong'ona. "Mwezi mzima. Tangu uichukue amepona. Ningefanyaje, dada? Niambie, ningefanyaje?"

Bi Harusi aliubeba mfuko wake, akatoka.

Nyumbani mshonaji alimpokea kadi, akaiweka sakafuni mbele ya kiti cha Mama. "Sema sasa. Kwa maneno yako mwenyewe, hakuna kauli maalumu."

Bi Harusi alikaa sakafuni. Alitaka kusema jambo zito, lakini hakulipata, akasema kama anavyomwambia mumewe anaporudi baada ya zamu mbili. "Haya. Nimeshalipa. Wewe ni wangu, na mimi sina kazi ya kukupa. Sitakuwasha, na sitakuuza. Nenda kalale."

Mvumo kifuani mwa Mama ukashuka. Ulishuka kama feni inavyoshuka ukiizima, kwanza ule mlio mwembamba ukafa, ukabaki mzunguko mzito, kisha mzunguko wenyewe ukaanza kuhesabika, mmoja, halafu mwingine, kila mmoja ukichelewa kuliko uliotangulia, na mumewe akaanza kusema "Mama, Mama, Mama" kwa kunong'ona kwa sababu hakuna aliyejua kama utakapokatika utakatika peke yake au utakatika na roho ya Mama, na mshonaji mwenyewe alikuwa ameishika futi yake shingoni kwa mikono miwili, midomo inamcheza, mpaka ukaja mzunguko mmoja wa mwisho, ukavuta, ukavuta, ukaisha.

Kisha Mama akakohoa.

"Nani kanirundikia haya mablanketi?" alisema. "Mnanichemsha kama viazi?"

Mumewe aliangua kilio. Bi Harusi aliinuka, akaanza kumwondolea Mama mablanketi. Kadi waliifukia siku hiyo hiyo nyuma ya nyumba, na mshonaji akarudi kwenye sare zake.

Maisha yakarejea yalivyokuwa. Kadi ya zamani ikarudi mahali pake, na mistari yake ya zambarau. Wateja wakapiga simu, naye akawaomba radhi. Mama akaendelea kuwatabiria maharusi talaka. Bi Harusi alichoka vile vile, ila alichoka kwa amani, na kwa muda alidhani hilo limepita.

Fundi alipiga simu asubuhi moja wakati Bi Harusi anachambua mchele. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza ameziba mdomo kwa kiganja.

"Dada, samahani. Sikujua nimpigie nani. Yule aliyeniuzia ile kadi amefunga chumba chake cha mitambo. Ameniletea mzigo wote."

"Wote?"

"Masanduku ya kadi yamejaa chumbani. Mke wangu yuko hapa kitandani, dada, anaongea. Si sauti moja. Ni nyingi, zinapokezana." Akashusha sauti. "Wanakuulizia wewe. Wanasema, yuko wapi yule mwanamke anayenunua."

Bi Harusi aliutua ungo. Nyuma ya pumzi za fundi, mbali, alisikia mwanamke akisema neno moja tena na tena, taratibu, kila mara kwa sauti nyingine. *Tumechoka. Tumechoka. Tumechoka.*

"Dada? Upo?"

"Nipo," alisema. Halafu akainuka, akaanza kutafuta viatu vyake.