Mng'ao Kwenye Meno ya Maiti

Maiti iliopolewa kwenye mfereji nje ya mji wa Multan, Pakistan, fuvu limepasuka, uso umeharibika hautambuliki. Yalibaki meno.

Daktari wa meno Sibtain Khakwani alikuja mochwari na kamera yake, akayapiga picha. Kisha akaleta nyingine, aliyosema aliipiga kliniki kwake miaka miwili nyuma. Meno yalikuwa yale yale.

"Ni mdogo wangu, Murtaza," alisema huku akilia.

Majibu ya vinasaba yangechukua miezi. Lakini majirani walimsikia Murtaza akigombana na mkewe, Nausheen, siku aliyotoweka. Nausheen alikuwa ameshakamatwa; kesho yake angesomewa shtaka la mauaji, na adhabu yake ni kitanzi.

Inspekta Tehmina Wattoo hakupenda kesi inayojipika yenyewe. Alikwenda kliniki.

"Nimekuja kuomba ushauri tu, daktari. Maabara yetu inataka kamera ya kupigia meno. Sisi tumezoea za harusi."

Daktari akacheka, akaagiza chai. Anayependa vyombo vyake hachoki kuulizwa.

"Kamera yoyote itafaa, afande. Pesa weka kwenye lenzi. Chukua ya milimita mia. Ukichukua fupi utamtia mgonjwa kamera puani, na mwanga utakosa pa kupita."

"Na flashi?"

"Hapo ndipo wengi wanapoharibu! Wananunua ya duara, ya kuvisha mdomo wa lenzi. Jino linatoka bapa kama kigae." Alionyesha ukutani, kwenye picha za wagonjwa wake wa zamani. "Unauona huo mng'ao wa pete? Nimeuvumilia miaka. Sasa natumia taa mbili, moja kila upande. Jino linaonekana na mabonde yake."

"Ulibadilisha lini?"

"Baada ya Idi hii iliyopita. Nilizifuata Lahore mwenyewe."

Tehmina aliweka kikombe chini. Akaitoa kwenye bahasha ile picha ya miaka miwili nyuma.

"Mbona hii haina pete?"

Daktari aliitazama. Meno ya mbele yaling'aa mahali pawili, kushoto na kulia.

"Labda... labda niliazima taa."

"Kwa nani? Mtaje, nimpigie sasa hivi."

Daktari alikoroga chai yake.

"Picha zote mbili ulizipiga mochwari, daktari. Murtaza yuko wapi?"

"Muscat, Oman. Yule wa mochwari ni kibarua wa shamba jirani. Waligombea zamu ya maji ya kumwagilia, Murtaza akampiga jembe la kichwa. Mkiamini aliyekufa ni yeye, nani angemtafuta? Baba aliniachia mdogo mmoja tu, afande. Ningefanyaje?"

"Na shemeji yako?"

"Nilijua mngemwachia. Mngekuwa na ushahidi gani?"

"Huu hapa," Tehmina alisema, akiinua picha. "Umeuleta wewe."

Daktari alinyoosha mikono ifungwe pingu.

"Nakuomba kitu kimoja. Nausheen asiambiwe kwamba Murtaza alikuwa anajua."

"Anajua nini?"

"Mlipomkamata Nausheen, nilimpigia Murtaza simu. Akaniambia, kaka, acha hivyo hivyo."