Kamera Aliyopewa Eunike

Kila asubuhi ya likizo, Hellen na mdogo wake Eunike walikata majani ya ng'ombe kwenye kihamba, shamba la nyumbani la bibi yao, juu kidogo ya Kwa Sadala, Kilimanjaro. Hellen, mwenye miaka kumi na mitatu, ndiye aliyebeba mzigo mkubwa, na ndiye aliyegombezwa chai ikichelewa. Kwa hiyo baba yao mdogo Ezra, mpiga picha wa Dar es Salaam, alipokuja kula Krismasi na kamera yake shingoni, Hellen alijua nani atafundishwa kuitumia.

Akafundishwa Eunike!

"Mkono wake hautetemeki," alisema Baba Mdogo. "Eunike, kiduara hiki usikitoe kwenye herufi A. Ukikiacha hivi, kamera inapima mwanga yenyewe. Ukikizungusha mpaka kwenye namba kubwa, chini ya migomba hii picha itatoka nyeusi tii."

Eunike akatembea na kamera kifuani kama bibi harusi. Aliwapiga picha mashangazi, mbuzi, hata jirani yao Kornel akicheka bila meno. Kila mtu alimwita fundi. Hellen aliyasikia yote akiwa jikoni anamenya ndizi, na kwa wivu akazimenya ovyo.

Siku Baba Mdogo alipokuwa akijiandaa kurudi Dar, kwenye filamu ilibaki nafasi ya picha moja tu.

"Basi hiyo ni yangu," alisema Bibi. "Ngoja nivae."

Eunike aliiweka kamera mezani akaenda kumsaidia. Hellen akabaki nayo peke yake. Akakumbuka onyo la Baba Mdogo, akazungusha kile kiduara kutoka A mpaka namba kubwa kuliko zote.

"Tumwone huyo fundi," alinong'ona.

Bibi alitoka na gauni lake la kanisani, uso unang'aa mafuta. Akakaa kwenye kiti chini ya migomba.

"Piga vizuri, mjukuu wangu. Babu yenu tulimzika bila picha. Mkiniuliza alifananaje, nashindwa kuwaeleza. Mimi nisiwe hivyo."

Eunike akainua kamera.

"Usipige!" Hellen alipiga kelele. "Nimeitoa kwenye A! Nilitaka picha ya Eunike iharibike." Akaangua kilio.

Baba Mdogo aliichukua kamera, akairudisha kwenye A.

"Picha ya Eunike?" aliuliza Bibi. "Mbona aliyekaa kitini ni mimi?"

"Nisamehe, Bibi. Eunike, nisamehe."

"Wivu ndivyo ulivyo, mjukuu wangu. Unamrushia mwenzako jiwe, linampata mwingine kabisa. Ulipoona umeonewa, ungesema. Mdomo unao."

"Na mimi nilikosea," alisema Baba Mdogo. "Sikumuuliza kama naye anataka kujifunza."

Bibi akamvuta Hellen. "Aika, asante kwa kusema mapema. Simama hapa kando yangu."

"Na machozi haya, Bibi?"

"Nayo yapigwe."

Eunike akapiga. Picha ile ipo ukutani kwa Bibi mpaka leo. Bibi ametulia kitini, na kando yake Hellen amesimama, macho yamevimba. Wageni wakiuliza kwa nini msichana yule analia, Bibi humtazama Hellen, na Hellen huwaeleza mwenyewe.