Viatu vya Mwanamke Mwingine

Jumamosi ile ngazi za umeme ziliharibika, na watu wote wa jengo la maduka wakawa wanashuka kwa miguu mbele ya kibanda cha fundi viatu. Fundi mwenyewe, aproni ya ngozi kiunoni na misumari midogo mdomoni, hakuinua macho mpaka kivuli kilipotua juu ya kazi yake.

"Samahani, dada. Wewe si Daktari wa Viatu?"

Alitema misumari kiganjani. Jina hilo alilitumia kwenye mtandao wa wachumba tu. Mwanamume aliyesimama mbele yake alivaa shati la samawati lililonyooshwa vizuri, na alinukia sabuni.

"Na wewe ni nani?"

"Mpole."

Walikuwa wameandikiana kwa majuma mengi bila kuonana.

"Makubwa! Umenifuata?"

"Nimefuata soksi dukani. Lakini si unajua, milima haikutani..."

"Usinimalizie methali, nina kazi," alisema, huku anacheka. Hakukumbuka ni lini mtu alimchekesha pale kibandani. Kwamba Mpole alishinda siku kadhaa akimtazama kutoka mkahawa wa ghorofa ya juu, hilo lilijulikana baadaye.

Tangu hapo Mpole akawa anampigia simu kila jioni.

"Leo nani kakuudhi, daktari wangu?"

"Bibi mmoja. Kiatu kimetafunwa na mbwa, anataka kirudi kama kipya."

"Na mbwa umemtibu?"

Mama mdogo wa fundi, ndugu pekee aliyebaki naye, hakufurahi. "Mwanamume asiye na kasoro ni wa kwenye kalenda, mwanangu."

"Wewe, mama mdogo, humpendi mtu."

"Nakupenda wewe. Inatosha kunichosha."

Siku moja Mpole alimletea zawadi: viatu vyekundu vya kisigino kifupi, ndani ya sanduku jipya. "Vaa nikuone."

Fundi hawezi kuvaa kiatu bila kukikagua. Alivigeuza. Soli zilikuwa zimebadilishwa na rangi kupakwa upya, kazi safi. Lakini alipoingiza vidole ndani, alikuta alama za mguu wa mtu: kisigino kimebonyea, na katika kiatu cha kushoto ngozi imetanuka pale ambapo mfupa ulichomoza kando ya kidole gumba.

"Ni vya nani hivi?"

"Vyako, mpenzi."

"Usinifanye mtoto. Una mwanamke, na mguu wake wa kushoto unamuuma."

"Nakuapia, hakuna mwingine. Aliyekuwepo ameshaondoka. Hatarudi."

"Na ameondoka pekupeku?"

Alimrudishia sanduku, akamfukuza. Hakuwahi kukosea mguu wa mtu, na huo pia hakuukosea. Alichokosea ni yaliyompata mwenye mguu.

Zikafuata jioni za kimya. Chumbani kwake kulikuwa na viti viwili. Kimoja alikalia, kingine kilianikiwa nguo. Alizungumza na redio, akajiona mjinga, akaizima. Hatimaye akapiga simu yeye.

"Nilidhani umenisahau," Mpole alisema.

"Nimejaribu. Nimeshindwa."

"Basi njoo kwangu Jumapili, nikupikie. Nitakuja kukuchukua. Ila uje peke yako, mama yako mdogo atanihoji kama polisi."

"Nitakuja."

Ijumaa mpelelezi wa polisi alifika kibandani, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Alipanga picha tatu za wanawake juu ya meza ya kazi.

"Hawa walikutana mtandaoni na mtu anayejiita Mpole. Kila mmoja alialikwa kwake, na wote tumewakuta wamekufa. Makazi yake hatuyajui. Mtandao umetuonyesha kuwa sasa anaandikiana na wewe."

Fundi hakubisha. Alizitazama picha kwa zamu.

"Yupo kati yao aliyekuwa na mfupa umechomoza, mguu wa kushoto, hapa kando ya kidole gumba?"

Mpelelezi aligusa picha ya katikati. "Huyu. Umejuaje?"

"Nilimwonea wivu."

Ilibidi Mpole avutwe mahali penye watu. "Mpigie," mpelelezi alisema. "Zungumza naye kama kawaida."

Fundi alishika simu kwa muda kabla ya kubonyeza.

"Mpenzi, Jumapili mbali. Njoo kesho tunywe chai hapa juu mkahawani."

"Una hamu namna hiyo?"

"Ninayo."

Alipokata simu hakuweza kumtazama mpelelezi usoni, kwa kuwa hilo moja halikuwa uongo.

Kesho yake Mpole alikuja mkahawani mapema, amevaa shati jeupe. Alivuta kiti, akaketi.

"Umependeza. Mbona hujavua aproni, daktari wangu?"

"Kazi nyingi."

Wanaume wawili wa meza ya jirani walisimama. Pingu zilifungwa bila fujo. Mpole alimtazama fundi tu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Pole," alisema, kwa sauti ileile ya kwenye simu. "Sasa atakusikiliza nani?"

Wakamtoa. Watu waligeuka, wakanong'ona, kisha wakarudia vikombe vyao. Mhudumu, aliyekuwa jikoni muda wote, akatokea na chai mbili alizoagiza fundi, kwenye sinia.

"Mwenzio anarudi, dada? Niifunike yake isipoe?"

Fundi alikitazama kiti kilichoachwa wazi upande wa pili wa meza.

"Iondoe tu," alisema. "Niko peke yangu."