Wagonjwa wa Ijumaa ya Mvua

Mimi Nashon Were, karani wa zahanati ya Kwa Musembi, Uthiru, sijawahi kumdanganya askari. Tangu nizaliwe.

Jumatatu moja, Aprili 1970, saa mbili na robo asubuhi, Sista Annah Mbithe alifungua kabati akapiga ukelele. Daftari la wagonjwa halikuwemo, na kufuli lilikuwa zima. Alhamisi afisa wa wizara angekuja kulikagua: serikali ilikuwa imeichukua zahanati kutoka baraza la kaunti, na sasa dawa zingegawiwa kwa idadi ya wagonjwa. Bila daftari, Sista hana kazi.

Saa nne Inspekta Mutiso akafika kutoka mjini.

"Funguo ziko kwa nani?"

"Kwangu na kwa karani," Sista akajibu.

"Mnashuku nani?"

"Nanyama, afande," nikadakia. "Alikuwa mlinzi wa kaunti. Serikali haikumchukua. Akipita hapa hutema mate."

Nanyama akaletwa kwa mkokoteni, mguu ndani ya plasta.

"Niliiba vipi, afande? Kwa kuruka?"

Nilicheka peke yangu.

Mutiso akachukua nakala ya orodha ya wagonjwa wa Ijumaa, iliyobaki mezani. "Dawa ya kikohozi, watu themanini na watatu. Kila mmoja huja na chupa yake?"

"Ndiyo," Sista akasema. "Serikali hutoa dawa, chupa ni ya mgonjwa. Asiye nayo hununua kwa Mama Peres, hapo langoni."

Mama Peres akaitwa.

"Ijumaa? Na ile mvua? Nilikaa langoni kutwa. Walioingia ni watu tisa, na wawili walikuja kujikinga tu."

Mutiso akageuka polepole. "Sista, sahihi ni yako. Uliandika watu wasiokuwepo, ukaogopa ukaguzi, ukaficha daftari." Akatoa pingu.

"Haki ya Mungu, mimi huletewa tu nitie sahihi! Nina watoto wanne, afande!"

Mimi nikatazama dari.

Mama Peres akanigusa bega. "Nashon, mtoto wangu, ile kitabu ulinipa Jumamosi nikuwekee chini ya chupa, si uichukue? Nataka kreti yangu."

Pingu zikabaki hewani.

"Kwa nini?" Mutiso akaniuliza.

"Dawa zinakuja kwa vichwa, afande. Kila tarehe ishirini tunabaki na maji ya bomba na pole. Nikaongeza vichwa."

"Na Sista angefungwa, wewe ukitazama dari?"

Jibu la uongo nilikuwa nalo, tena tamu. Lakini Mama Peres alikuwa bado amesimama pale, ananitazama.