Faili ya Nne

Mama Kurasa aliagiza faili tatu, kompyuta ikampa nne.

Jina hilo walimpa ofisini kwa kazi yake. Alikuwa na faili mama, iliyoandikwa kwa alama: hapa aya inafunguliwa, hapa inafungwa. Alifungua lile dirisha jeusi la kompyuta lisilo na picha wala vitufe, akaandika amri ya mstari mmoja, na faili mama ikatoa watoto watatu: kitabu cha kuchapa, ukurasa wa mtandao na nakala ya kusomea kwenye simu. Kwa miaka minne hakuwahi kumwona wa nne.

Akamfungua. Ndani mlikuwa na maneno machache tu: *Kwa mama mfua nguo, chumba cha uani. Jiko liko ndani, mlango umefungwa.*

Papo hapo kukanuka moshi wa mkaa.

Alimuuliza Miwani kama kuna mtu anapika. Miwani, msahihishaji mzee ambaye kila asubuhi alimfunikia chai yake isiingie vumbi, alinusa, akamwambia hiyo ni njaa tu, aende akale. Wakacheka. Mama Kurasa akaifuta ile faili.

Kesho yake mchana habari ikafika. Mtoto wa mfua nguo, mwenye siku tisa, amefariki. Baridi ilikuwa kali, mama akaingiza jiko la mkaa chumbani ili kichanga kipate joto, akafunga mlango. Walipovunja, yeye walimwahi. Mtoto hawakumwahi. Kando ya mto wa kulalia palikuwa na kijitabu cha wazazi wapya.

Mama Kurasa alikaa chini taratibu. Kijitabu kile alikitoa yeye. Maneno yalikuwa ya Bibi Mkunga, aliyekufa mwaka jana, ambaye alimzalisha hata yeye na kumshika mkono tangu jioni hadi alfajiri bila kuchoka. Akafungua faili mama, na aya aliyoiogopa ikamtazama: *Usilaze mtoto na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa.*

Ilikuwapo, lakini ilikuwa katikati ya alama za kuficha. Siku ya kukitoa kijitabu mashine iligoma, ikasema katika aya hiyo kuna alama haikufungwa. Alitafuta, hakuiona. Shule ya chekechea ilikuwa inafunga, na mwanawe angebaki peke yake kwenye benchi. Basi akaizungushia aya alama za kuficha ili mashine iiruke, akajiambia atairekebisha kesho. Mashine ikanyamaza. Vijitabu mia tatu vikachapwa, vikagawiwa. Kesho hiyo aliisahau.

Sasa aliipata ile alama iliyopungua kabla hata ya kumeza mate mara mbili. Akaiweka, akafichua aya, akatoa amri.

Zikatoka nne.

*Kwa mke wa fundi viatu. Jiko liko ndani.*

Nyuma ya kiti chake mtu akakohoa, kikohozi kikavu cha kizee alichokijua vizuri tangu usiku ule wa kujifungua, na hakugeuka, maana alijua akigeuka ataona asichoweza kukisahau, akatoka mbio bila viatu, akapita soko, akapita kisima, moshi ukimfuata puani kwenye hewa iliyo safi kabisa, hadi akaufikia mlango wa fundi viatu na kuupiga kwa ngumi zote mbili mpaka mwanamke mwenye macho mazito akafungua, na nyuma yake mtoto akalia.

"Nani kakutuma, dada?" mwanamke alinong'ona.

"Nilikuwa napita tu."

Akalitoa jiko nje, akaondoka. Kuvirudisha vijitabu kulitaka aseme sababu, na sababu ilikuwa na kaburi dogo.

Moshi ukaendelea kunuka ofisini mchana kweupe. Wafanyakazi wakaanza kukimbia, na Bosi akamleta mganga. Mganga alizunguka vyumba vyote, akasimama mbele ya kompyuta ya Mama Kurasa, akainamisha kichwa kama anayesikiliza.

"Mzimu huyu ana neno lake," alisema kwa sauti ya chini. "Humu ndani yupo aliyemkosea?"

Miwani alimtazama Mama Kurasa kwa upole, akamsogezea kiti kama anayesema, sema mwanangu, nipo. Mama Kurasa akakikalia. Akilini alimwona mfua nguo akiambiwa. Alijiona akinyooshewa kidole njiani, mwanawe kamshika mkono.

"Hayupo," Bosi akajibu kwa niaba ya wote.

"Basi nimfukuze?"

Mama Kurasa alitazama sakafu.

"Mfukuze," Bosi akasema.

Mganga alisoma, akanyunyiza maji, akaamuru. Kikohozi kikasikika mara moja, kikaenda mbali kama mtu anayefukuzwa nyumba aliyoisaidia kuijenga. Harufu ikakatika. Watu wakashusha pumzi, wakacheka, na Miwani akaleta chai.

Asubuhi iliyofuata baridi ilizidi. Mama Kurasa alifika kabla ya wote, akaandika amri. Tatu. Akaandika tena. Tatu. Vijitabu karibu mia tatu vilikuwa vimelala kando ya mito ya watu, na wa kumtajia nyumba hizo hakuwapo tena.

Akausogeza uso kwenye dirisha jeusi.

"Bibi," alinong'ona, "leo ni nyumba gani?"

Akavuta hewa kwa nguvu, akisubiri moshi. Ofisi ilinukia sabuni tu.