Mwanamke wa Ubeti wa Pili

Yeshi wa Stockholm ndiye aliyeuliza kwanza. Aliandika chini ya wimbo ambao Harith alikuwa ameuweka kwenye tovuti yake wiki hiyo: asante kaka, nimelia mpaka wanangu wamenishangaa, lakini niambie, yule mwanamke anayeingia kwenye ubeti wa pili ni nani?

Harith alicheka. Santuri ile ya Kihabeshi aliinunua mwenyewe sokoni Woolwich, na mwimbaji wake alikuwa mwanamume. Akaiweka kwenye gramafoni. Hakuna mwanamke. Akafungua nakala iliyokuwa ndani ya kompyuta, ile aliyokwisha kuiondolea mikwaruzo na kelele kwa programu yake, akavaa spika za masikioni. Ubeti wa pili ulipoingia, kicheko kikamkauka.

Suad, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Aliuona uso wa mumewe ukilegea kwa namna ambayo hakuwa ameiona tangu walipokuwa wachumba Unguja. Hakujua bado kama kuna jambo la kuogopa. Alichojua ni kwamba uso ule haukulegea kwa ajili yake.

"Sauti hii, Suad," Harith akasema bila kugeuka, "mtu anaweza kuifia."

"Chai yako inapoa," Suad akajibu.

Ilikuwa mwaka 2004, katika fleti yao ya Thamesmead. Harith alikuwa karani wa ofisi ya nyumba za halmashauri, mtu wa maneno machache, ambaye utotoni alizisikia nyimbo za Addis kwenye redio ya mjomba wake na hakuzisahau. Sasa alikuwa akizifufua santuri ambazo wenyewe walizitupa au walizikimbia, akiwarushia Wahabeshi wa Washington, Melbourne na Stockholm, nao wakimwandikia kwa machozi. Hakukijua Kihabeshi hata neno. Suad mwanzoni alijivunia. Baadaye alichoka. Baada ya ile sauti, aliona wivu, wivu wa kumtafuna mtu mifupa, na aibu juu yake, maana mke mwenza ukimjua unaweza hata kumchamba kwa maneno dirishani, lakini huyu utamchamba vipi?

Kisha ikaja harufu. Disemba giza la London huingia saa kumi za jioni, na Suad akirudi kazini alikuta fleti inanukia kahawa inayokaangwa, na juu ya kahawa, mawardi, yale marashi ya waridi. Jikoni jiko lilikuwa baridi. Siku moja Harith akiwa bado ofisini na kompyuta imezimwa, Suad akasikia mwanamke anaimba taratibu chumbani, kama mtu anayekunja nguo zake mwenyewe nyumbani kwake, akasogea akiambaa na ukuta, akijiambia ni redio ya jirani, ni bomba la maji, ni chochote, na kila alivyokaribia sauti haikukoma wala kupungua bali ilimngoja, mpaka alipoushika mlango na kitasa kikawa cha moto mkononi mwake, ndipo sauti ikacheka kidogo, kama anavyocheka mtu aliyemwona mwenzake amekuja bila kualikwa.

Kicheko kile alikijua. Bibi yake, Bi Sundus, alikuwa kiti cha pepo wa Kihabeshi: pepo alimpanda na kusema kwa mdomo wake, akidai kahawa, mawardi na sifa. Bi Sundus alipokufa, hakuna aliyempokea yule pepo.

Suad akampigia simu Bi Zainab, fundi wa cherehani wa Rayners Lane ambaye watu wa nyumbani humwendea kwa mambo yasiyokuwa ya nguo. Alikuja Jumapili mchana. Kabla hajawasha ubani aliomba king'ora cha moshi kivishwe kofia ya kuogea.

"Skiza mwanangu," akanong'ona ubani ulipopanda. "Huyu alikuwa wa bibi yako. Kakaa bila kiti miaka yote, mumeo kenda kumwita kwa nyimbo za kwao. Ntamtoa leo. Santuri zivunjwe, nyimbo zote zifutwe, na nyote wawili mseme hamumtaki. Mseme kwa ulimi na kwa moyo."

"Zote?" Harith akauliza.

"Zote, baba."

Harith alifunika uso kwa viganja. Alilia kimya kimya, mabega yakitikisika, kisha akasema akilitazama zulia, "Simtaki."

Suad alimwangalia akilia. Mwaka uliopita yeye mwenyewe alilazwa hospitali, madaktari wakatikisa vichwa, na Harith alikaa kando ya kitanda akiwa na macho makavu akisoma gazeti. Chozi alikuwa nalo, kumbe. Alimwekea mwengine.

"Na wewe, mwanangu?" Bi Zainab akauliza. "Sema upesi."

Suad alijua anachopaswa kusema. Kilimfika ulimini. Lakini wivu ulitangulia, ukamwambia kwamba sauti ile ikiingia kooni mwake, macho ya Harith yatalazimika kuifuata.

"Mi namtaka," akasema. "Aje kwangu."

"Astaghfirullah, Suad! Rudisha kauli!"

Harufu ya kahawa ikajaa chumba kizima. Suad alifungua kinywa apumue, na kilichotoka kilikuwa ubeti wa pili, kwa Kihabeshi safi. Bi Zainab alikusanya vitu vyake. Mlangoni alisema, "Wa kumwita mwenyewe, mie siwezi kumtoa," akaenda zake.

Harith sasa anarudi nyumbani mapema. Ananunua mawardi, na mkewe anapoimba yeye hukaa miguuni pake, anamshika mkono kama bwana harusi. Amenunua maikrofoni nzuri ya kumrekodi, na nyimbo za mkewe zinasikilizwa kuliko santuri zote. Macho aliyoyatamani Suad yako mbele yake kila siku, naye anayaona vizuri kutoka huko ndani aliko. Hayamtazami yeye. Anamwonea wivu mwanamke aliyevaa gauni lake, anayekunywa kwa kikombe chake, na hana hata mdomo wa kumchambia.

Juzi Yeshi wa Stockholm aliandika tena: kaka, mkeo ana sauti ya peponi, lakini kuna mwanamke mwengine nyuma yake, kwa mbali sana, analia na kuita Harith, Harith. Ni nani?

Harith alivaa spika za masikioni. Alisikiliza mwanzo hadi mwisho, akarudia, akabaki ameinama. Nyuma yake mkewe aliweka kikombe cha kahawa mezani, akamshika bega.

"Kelele za chumba tu, dada," Harith akamjibu Yeshi. "Nitazisafisha."

Akafungua programu yake, akazisafisha.