Gome Jekundu la Babu Aboubakar

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Amisa alifagia mbele ya kibanda cha babu yake katika soko la Muyinga, kisha akapanga mafungu ya mizizi na magome. Babu Aboubakar alikuwa muuza dawa za miti.

Daktari Letisia, mtafiti wa maabara moja huko Gitega, alikuwa amechukua gome jekundu la babu akalipime. Jumatatu alipiga simu akasema limefanya kazi kwenye kipimo cha virusi vya surua. Alhamisi alipiga tena: gome halifai.

"Babu, wanataka kukuibia dawa," Amisa alisema. Shuleni alimwambia rafiki yake Raissa kwamba daktari yule ni mwizi.

Habari ya Jumatatu ilikuwa imeshaenea. Jioni alikuja jirani yao, Mama Christina, ambaye mtoto wake alikuwa na surua.

"Nipe lile gome, mzee. Kituo cha afya siendi tena."

"Ngoja kwanza niende Gitega nikamuulize daktari," babu alijibu. Hata yeye alikuwa na shaka na daktari yule.

Kesho yake yeye na Amisa walifika maabara. Daktari Letisia aliwaonyesha kisahani chenye vishimo vidogo vingi.

"Humu mna RNA ya virusi, yaani maagizo ambayo virusi hutumia ili vizaliane. Tumeitia rangi inayong'aa. Kitu kikiishika, mng'ao unafifia. Tunajaribu vitu vingi, tukitafuta kitakachoishika."

Amisa hakuondoa macho kwenye mikono ya daktari. Matone ya maji ya gome yalipoingia, mng'ao ulififia. Kisha daktari akatoa kisahani kingine kwenye friji.

"Hicho ni cha nini?" Amisa aliuliza. "Unabadilisha?"

Babu hakumkemea. Naye alitaka kujua.

"Hiki kina RNA ya mwili wa binadamu," daktari alisema. "Usiniamini tu. Njoo udondoshe mwenyewe."

Amisa alidondosha. Mng'ao ukafifia vilevile.

"Sasa chagua kitu chochote tujaribu."

Amisa alitazama huku na huku, akachukua chupa ya chai ya rangi waliyobeba safarini. Daktari alichuja chai kidogo, Amisa akaidondosha katika visahani vyote viwili. Kote mng'ao ulififia.

"Chai kali hukausha ulimi," daktari alieleza. "Kinachoukausha kimo pia ndani ya gome. Kinanata kwenye kila kitu. Dawa nzuri humshika adui, mwili ikauacha."

"Mbona Jumatatu ulisema limefanya kazi?" babu aliuliza.

"Nilikosea kupiga simu kabla ya kipimo cha pili. Nisamehe, mzee."

Babu alitoa simu yake papo hapo. "Mama Christina, usinisubiri. Mpeleke mtoto kituo cha afya sasa hivi."

Mtoto alitibiwa, na baada ya muda akapona. Amisa naye alimfuata Raissa uwanjani. "Nilikudanganya kuhusu daktari. Si mwizi. Nimeona kwa macho yangu."

Aliporudi kibandani alimweleza babu yake. Mzee alitikisa kichwa polepole.

"Kuwa na shaka si kosa, mjukuu wangu. Mi mwenyewe nilikuwa nayo. Lakini ukishuku au ukisikia jambo, nenda ukalichunguze kwanza. Ukianza kwa kulitangaza, unaweza kumchafulia mtu jina, na mgonjwa akakosa matibabu."